Paka mwenye maji tumboni: tulivyomtibu Kuhe hapa Ujiji

Alipoletwa nyumbani alikuwa kijipaka cha wiki nane hivi, na jioni hiyohiyo tulimkuta uani akimburuta samaki aina ya kuhe aliyemzidi urefu. Jina likapatikana hapohapo. Miezi mitano baadaye Kuhe alikuwa amejikunyata chini ya kabati, hatoki hata akisikia dagaa wanachambuliwa. Uti wa mgongo ulihesabika kwa vidole, lakini tumbo lilikuwa limejaa kama kibuyu.

"Hiyo ni minyoo, mwalimu," jirani akaniambia. Nikamnunulia dawa ya minyoo, nikampa, nikasubiri siku nne. Siku hizo nne bado zinaniuma. Ukiona paka mchanga anakonda mgongoni huku tumbo linakua, homa haishuki na chakula hakitaki, usikae kubahatisha. Mpeleke siku hiyohiyo.

Daktari wa mifugo tuliyemwendea mtaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, hutibu zaidi ng'ombe, mbuzi na mbwa, na alinieleza hivyo kabla hata hajamgusa mgonjwa. Nilimheshimu kwa hilo. Alimpima joto kwa njia ya haja kubwa: nyuzi 40.2, wakati paka mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Akanyoa sehemu ndogo ya tumbo, akaingiza sindano nyembamba, akavuta maji. Yalikuwa ya manjano kama mafuta ya alizeti, na yalinata. Alipoyaweka kati ya vidole vyake vyenye glovu yakafanya uzi.

Kisha akafanya kipimo ambacho sikuwahi kukiona. Alichukua kichupa cha kioo chenye maji safi, akadondosha tone moja la asidi ya siki, akatikisa, halafu juu yake akaachia taratibu tone la yale maji ya tumboni. "Likiyeyuka, tunaondoa ugonjwa mmoja mbaya sana," alisema. Halikuyeyuka. Lilishuka polepole likiwa zima, jeupe, limevuta mkia kama uzi wa buibui. Akanieleza kwamba kipimo hiki kina nguvu zaidi kwenye kukanusha kuliko kuthibitisha, maana usaha wa tumboni na hata saratani fulani huweza kutoa jibu hilohilo. Ndiyo maana alichukua na damu, akaangalia protini, akayachunguza macho na fizi, ndipo akampigia simu mwenzake waliyesoma pamoja Sokoine, Morogoro, ambaye sasa anatibu paka Dar es Salaam. Wakakubaliana: FIP, kifupi cha jina la Kiingereza feline infectious peritonitis.

Ugonjwa huu unatokana na virusi vya korona vya paka. Jirani zangu waliposikia neno korona walianza kuwazuia watoto wasije kwetu, nikalazimika kupita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba virusi hivi haviambukizi binadamu. Paka wengi huwa navyo matumboni, vinapita kwa kinyesi, na mara nyingi havileti lolote zaidi ya kuharisha kidogo. Ila kwa paka wachache, hasa wa chini ya miaka miwili, virusi hujibadilisha ndani ya mwili, vikaingia kwenye chembe za kinga na kuwasha mishipa ya damu. Mishipa ikivuja, maji hujaa tumboni au kifuani. Wengine hawapati maji kabisa. Ugonjwa hukaa machoni, kwenye figo au kwenye ubongo.

Hadi miaka michache iliyopita karibu kila paka aliyefikia hapo alikufa. Mlango ulifunguliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Niels Pedersen. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya paka 31 walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida na kutibiwa kwa dawa iitwayo GS-441524. Paka 26 walimaliza wiki 12 za sindano. Baadhi ugonjwa uliwarudia, wakatibiwa tena, wengi wao kwa kipimo kikubwa zaidi, na mwishowe 25 wakaokoka. Dawa hii ni ndugu wa damu wa remdesivir, ambayo watu tuliisikia wakati wa UVIKO-19. Remdesivir yenyewe ikiingia mwilini hugeuka kuwa GS-441524. Namna inavyofanya kazi nilimweleza mwanangu kwa mfano wa nyavu. Virusi ni kama fundi anayesuka wavu mpya usiku kucha. Dawa inamletea uzi unaofanana kabisa na ule wake, anaufunga, lakini mafundo machache mbele kazi inakwama. Wavu unaishia hapo.

Uingereza madaktari wa wanyama waliruhusiwa kuitumia mwaka 2021, Marekani ikapatikana kwa cheti cha daktari mwaka 2024. Cyprus, ambako aina kali ya ugonjwa huu iliua paka wengi sana mwaka 2023, serikali ilikubali vidonge vya UVIKO vya binadamu vitumike kwa paka. Kigoma sikuikuta kwenye duka lolote la dawa za mifugo nililouliza. Ilikuja kwa kifurushi cha basi, kupitia yule daktari wa Dar. Mtandaoni utakutana na wauzaji wa vichupa visivyo na lebo ya kueleweka. Nakusihi, usinunue bila daktari kujua unachompa paka wako.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sindano kwa sababu Kuhe hakuwa akila. Sindano hizo zinauma. Binti yangu alimshika amefungwa kwenye khanga, kichwa tu nje, mimi nikavuta ngozi ya mgongoni na kuchoma. Alilia mlio ambao sijausahau. Siku ya tatu homa ilishuka. Asubuhi ya siku ya tano mama mkwe alikuwa kibarazani na ungo wa dagaa, Kuhe akatoka chini ya kabati akiyumba, akaketi pembeni ya ungo na kulia. Mama mkwe, ambaye tangu mwanzo aliona hela yote hii ingenunua mbuzi, alimchagulia dagaa kumi, akawatoa vichwa mmojammoja.

Baadaye tukahamia vidonge, siku 84 bila kuruka hata moja, saa ileile. Hapa ndipo wengi huharibu. Paka akichangamka mwenyewe huona amepona, akaacha. Jambo la pili ni uzito: dawa hupimwa kwa kilo, na paka mchanga anayepona huongezeka haraka, kwa hiyo kipimo cha wiki ya kwanza kitakuwa kidogo mno wiki ya sita. Kila Jumamosi nilimpeleka Kuhe kwa muuza dagaa mwenye mizani, nikiwa na kapu langu mwenyewe, nikaandika kwenye daftari na kumtumia daktari. Alianza na kilo 1.9. Alimaliza na 3.3.

Gharama yote ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na nilisaidiwa na shemeji. Siwezi kumwambia mwenye watoto wanne na ada mlangoni afanye kama mimi. Kumwomba daktari amlaze usingizi wa mwisho paka asiyetibika, au ambaye huna uwezo wa kumtibu, ni huruma pia, na asikuaibishe mtu.

Lakini kuna yasiyohitaji hela kubwa, na haya nayajua kwa uchungu. Kabla ya Kuhe nilikuwa na paka mwingine aliyepata homa, nikampa nusu kidonge cha paracetamol, kwa nia njema kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Fizi zikawa za kahawia, uso ukavimba, na hakuifikia kesho. Ipo dawa ya kuokoa, asetilisisteini, ileile wanayopewa watu waliozidisha paracetamol, ila inahitaji saa chache tu za mwanzo. Nilikuwa sijui. Dawa za kupe za mbwa au ng'ombe zenye permethrini nazo humtia paka mitetemo na degedege. Na dume anayechuchumaa tena na tena bila mkojo kutoka amezibwa njia ya mkojo. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, daktari atamwekea mrija, kwani mkojo ukirudi nyuma figo hufeli na moyo husimama.

Baada ya siku ya 84 daktari alituambia tuhesabu nyingine 84 za kuangalia, bila dawa, maana ugonjwa ukitaka kurudi mara nyingi hurudi katika muda huo. Nilikuwa nikimpima joto kila nikimwona amelala mchana zaidi ya kawaida. Muhula huo uliisha Machi. Yule muuza dagaa bado ananiuliza kila Jumamosi nikipita, na wikiendi iliyopita Kuhe aligonga kilo 4.2.