Benzi W123 240D: kutoa otomatiki na kufunga manyuali, kwa aliyeuliza

Mkuu uliyeuliza kuhusu 240D yako ya 1982 (Benzi ya dizeli ya umbo linaloitwa W123), ile ambayo gia zinateleza na fundi amekushauri utoe otomatiki ufunge manyuali: kazi hiyo niliifanya kwenye 240D yangu hapa Tanga na bado naitembelea. Jibu langu ni kwamba inawezekana na inafaa, ila usianze kwa kununua giaboksi. Giaboksi ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika hii kazi. Anza kutafuta pedeli.

Kabla ya hapo, hakikisha otomatiki yako imekufa kweli. Hizi Benzi za dizeli hubadilisha gia kwa msaada wa vakyumu inayotoka kwenye pampu iliyo mbele ya injini, pampu hiyohiyo inayosaidia breki. Vakyumu ikipungua, gia zinaingia kwa kishindo. Ikizidi, gia inachelewa kushika na injini inalia tu hewani, na hapo ndipo mafundi wetu wanaposema "giaboksi imekwisha". Vipimpira vya miaka ya 1980 vimeshakauka. Mara nyingine tatizo lote ni kampira ka bei ya soda. Pima pia oili ya giaboksi, gari likiwa tambarare, injini ya moto na inanguruma, lever iko P. Kama oili inapungua na huoni inapovujia, shuku modyuleta ya vakyumu, kile kikopo kidogo ubavuni mwa giaboksi kinachopokea bomba la vakyumu: utando wake ukichanika, oili ya giaboksi inafyonzwa na pampu ya vakyumu na kuishia kwenye injini. Lakini kama umefungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) ukakuta oili nyeusi inayonuka kuungua na masalia ya pleti yamejaa chini, basi mjadala umekwisha, endelea kusoma.

Kwa nini nasema inafaa kwa 240D? Ile injini ya OM616 ina farasi 72 tu (za mwanzo zilikuwa 65), na inabeba gari la karibu kilo 1,400. Toki-konvata, kile kifaa cha oili kinachokaa mahali pa klachi kwenye otomatiki, inakula sehemu ya hicho kidogo kilichopo. Ukifunga manyuali gari halitageuka la mashindano, kufika kilomita 100 kwa saa bado ni zaidi ya sekunde 20, ila mlima unaupanda kwa gia unayoitaka wewe. Halafu injini hii haihitaji umeme ili iendelee kuwaka. Pampu ya dizeli ni ya kimekanika tupu. Betri ikifa ukiwa Segera, ukiwa na manyuali na watu wawili wa kusukuma, unaondoka, hasa injini ikiwa bado ya moto. Otomatiki hapo unaita gari la kuvuta. Mwenye 280E, ndugu yake ya petroli, nisingemshauri hivi. Ile ina nguvu ya kutosha na otomatiki inaendana nayo. Hiyo atengeneze giaboksi yake.

Sasa pedeli. Ukisoma habari za W123 mtandaoni nyingi zinatoka Marekani, na kule 240D za manyuali zilikuwa nyingi. Shida ni kwamba za kwao usukani uko kushoto. Giaboksi yao inaingia, flaiwili yao (gurudumu zito la nyuma ya injini linalobeba klachi) inaingia, lakini fremu ya pedeli haiingii, wala bomba la klachi halifuati njia yetu. Sisi tunahitaji vitu vya gari la usukani wa kulia: Uingereza, au Afrika Kusini ambako W123 zilikuwa zikiunganishwa East London. Au gari bovu lililolala uani kwa mtu hapahapa kwetu, na ndivyo nilivyopata mimi: 200D ya manyuali iliyopigwa nyuma, nikainunua nzima. Ningenunua kipande kimoja kimoja kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, ningetumia hela nyingi zaidi na bado ningekosa vile vitu vidogo ambavyo hakuna muuzaji anayejua jina lake. Walioko Nairobi wajaribu Grogan, lakini ushauri ni uleule: tafuta gari zima.

Kwenye hilo gari toa fremu ya pedeli nzima, siyo pedeli ya klachi peke yake, kwa sababu pedeli ya breki ya otomatiki ni pana na fremu yake haina nafasi ya ya pili. Toa masta silinda ya klachi, bomba lake lote, silinda ya chini, kengele ya giaboksi (gamba linalofunika klachi), uma na beringi ya klachi, flaiwili, propela, kiti cha giaboksi na mpira wake, lever na vile vyuma vitatu vya kubadilishia gia, kebo ya spidi, na waya za taa za rivasi pamoja na plagi zake. Angalia pia kikopo cha oili ya breki. Klachi ya W123 inakunywa kutoka kikopo hichohicho, kupitia kichuchu cha pembeni. Vikopo vingine vya otomatiki vina kichuchu kilichozibwa, vingine havina kabisa.

Flaiwili ndiyo sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Kwenye injini hizi flaiwili na kranki husawazishwa pamoja kiwandani. Ile sahani nyembamba ya otomatiki iliyoko kwenye injini yako, inayokaa mahali pa flaiwili na kushika toki-konvata, imesawazishwa na kranki yako. Flaiwili ya gari lingine imesawazishwa na kranki ya mwenyewe. Ukiifunga hivihivi gari litatembea, na mtu asiyejua atasema "dizeli ndivyo zilivyo", huku mtetemo unakula beringi za kranki polepole. Dawa yake ni kupeleka vyote viwili, sahani ya zamani na flaiwili mpya, kwenye karakana ya kuchonga vyuma yenye mashine ya kusawazishia, flaiwili ichongwe ilingane na sahani. Kabla ya kufungua weka alama ya jinsi sahani ilivyokaa kwenye kranki, vinginevyo fundi wa mashine hana cha kufuatisha. Hapo hapo achonge uso wa flaiwili uwe laini. Bolti zake ni za kuvutika: zinakazwa kwa nguvu ndogo kwanza, kisha zinazungushwa robo mzunguko zaidi. Nunua mpya. Fundi akikwambia za zamani "bado ngumu", mwambie sawa, zikae kwenye boksi.

Ukiwa umeshatoa ile sahani, ingiza kidole kwenye tundu la katikati ya kranki. Manyuali inahitaji beringi ndogo pale ya kubeba ncha ya shafti ya giaboksi, na injini ya otomatiki mara nyingi haina. Ni beringi ya hela ndogo sana, lakini ukiisahau utashusha giaboksi upya. Badilisha na sili ya nyuma ya kranki, kwa sababu hutaifikia tena kirahisi.

Kufunga giaboksi yenyewe siwezi kuandika mengi, ni bolti na mgongo. Propela za otomatiki na manyuali msizichukulie kuwa sawa. Tumia ya gari ulilotoa giaboksi. Kagua ile mipira ya duara ya mbele na nyuma, ikiwa na nyufa badilisha. Ile nati kubwa ya katikati ya propela ilegeze wakati wa kufunga, na uikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo likiwa juu ya jeki.

Oili! Giaboksi ya manyuali ya Benzi hizi inatumia ATF, ileile nyekundu ya otomatiki. Fundi yeyote aliyezoea Land Rover atakumiminia EP 90, oili nzito ya gia, kwa mazoea, kisha asubuhi gia ya pili haitaki kuingia na atakwambia giaboksi uliyonunua ni mbovu. Plagi zake zinataka allen namba 14. Jaza mpaka imwagike kwenye tundu la pembeni.

Kutoa hewa kwenye klachi kutawatesa mkifuata njia ya kawaida ya kupiga pedeli. Hewa inakaa juu na mnaisukuma chini. Njia nzuri ni kinyume: unganisha mpira kutoka nipeli ya kalipa ya mbele hadi nipeli ya silinda ya klachi, ujae oili kwanza, fungua zote mbili, mtu akanyage breki taratibu. Kabla hajaachia pedeli, funga nipeli ya kalipa. Oili inapanda kutoka chini na kusukuma hewa hadi kwenye kikopo. Chungulia kikopo kisifurike, oili ya breki inababua rangi.

Umeme ni mdogo ila una hatari. Otomatiki ina swichi inayozuia stata isizunguke lever isipokuwa P au N, na swichi hiyohiyo inawasha taa za rivasi. Ukiitoa, waya za stata zinaunganishwa pamoja na waya za rivasi zinapelekwa kwenye swichi ya giaboksi mpya. Kuanzia hapo gari linapiga stata hata likiwa kwenye gia. Gereji niliyofanyia, kijana alizungusha ufunguo akiwa amesimama nje mlangoni, gia ya kwanza imeingia, gari likaruka na kugonga meza ya vifaa. Dizeli ikishawaka haisimami kirahisi. Mimi niliweka swichi kwenye pedeli ya klachi, bila kukanyaga stata haizunguki. Nakushauri ufanye hivyo.

Mwisho, upande wa vakyumu: bomba lililokuwa linakwenda kwenye giaboksi lizibwe kabisa. Injini hii inazimwa kwa vakyumu, kwa hiyo ukiacha bomba wazi utatoa ufunguo, utashuka, na injini itaendelea kunguruma. Mabomba ya oili ya kupoozea otomatiki nayo yatolewe, na yale matundu mawili kwenye rejeta yazibwe yasiingie uchafu.

Umeuliza gia nne au tano. Gia ya nne kwenye 240D ni moja kwa moja (shafti ya giaboksi inazunguka sawa na injini), na kwa difu ya 3.69 (propela inazunguka mara 3.69 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) ukienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,200 kwa dakika. Ni kelele, lakini inavumilika. Ya gia tano ilikuwepo kwa miaka ya mwisho na ni adimu, wauzaji wanaijua thamani yake. Ukiikuta kwa bei ya kibinadamu chukua, usiisubiri. Na ukichukua gari la 200D kama mimi, usihamishe difu yake, ni fupi zaidi, injini italia bure. Baki na yako. Ila angalia kipinioni cha kebo ya spidi (kigia kidogo kinachoizungusha) kiendane na difu inayobaki, vinginevyo dashibodi itakudanganya.

Weka hapa picha mbili: kikopo chako cha oili ya breki kwa upande, na namba iliyogongwa ubavuni mwa giaboksi, inaanza na 722. Nikiziona nitakwambia kama kikopo kinafaa na utatoa nini upande wa waya wa mafuta, maana otomatiki za aina ya 722.1 na 722.3 hazifanani hapo.