Ni kweli Siku ya Wapendanao ni Lupercalia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila ikikaribia Februari 14 natumiwa ujumbe uleule: eti Siku ya Wapendanao ni Lupercalia, sikukuu ya kipagani ya Warumi, ambapo vijana waliokota majina ya wasichana kutoka kwenye chungu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Lupercalia ilikuwepo, ila tarehe 15. Hicho chungu cha majina hukikuti kwa mwandishi yeyote wa kale. Kilitungwa karne nyingi baadaye.

Yaliyofanyika hasa yanashangaza kuliko chungu. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa zama za Warumi, anaeleza kwamba walichinjwa mbuzi na mbwa, kisha vijana wawili wa koo bora wakapakwa damu kwenye paji la uso kwa kisu chenyewe. Damu ikafutwa kwa sufu iliyochovywa kwenye maziwa, na hapo ilikuwa lazima wacheke. (Kwa nini wacheke? Wataalamu wanabishana mpaka leo.) Ngozi ya mbuzi ilikatwa kanda, na vijana wakatimua mbio karibu uchi, wakiwachapa waliokutana nao. Wanawake walijitokeza wenyewe kuchapwa, wakiamini watashika mimba au watajifungua salama.

Usidhani huo ulikuwa utundu mtupu. Katika kalenda yao ya zamani Februari ilikuwa mwezi wa mwisho, wa kuwakumbuka wafu na kuondoa nuksi kabla mwaka mpya haujaingia Machi. Mbio zile ziliutakasa mji, na kelele na vicheko vilikuwa sehemu ya kazi hiyohiyo. Wakubwa nao walishiriki: mwaka 44 kabla ya Kristo, Marcus Antonius, aliyekuwa konsuli (mmoja wa viongozi wakuu wa Roma), alikimbia na wenzake, akaenda kumtunukia mtawala Julius Caesar taji mbele ya umati. Caesar alilikataa. Mwezi mmoja baadaye aliuawa.

Mwishoni mwa karne ya 5 bado kulikuwa na Wakristo wa Roma walioitetea sherehe hiyo. Papa Gelasius I aliwajibu kwa kejeli ninayoipenda sana: kama mnaiamini kweli, mbona hamkimbii uchi wenyewe, kama walivyofanya wazee wenu, mnawaachia watu duni?

Mapenzi yaliingia baadaye kabisa. Maandishi ya mwanzo tuliyonayo yanayomhusisha Mtakatifu Valentino, ambaye siku yake ni hiyo Februari 14, na wapendanao ni ya karne ya 14, Uingereza, katika shairi la Geoffrey Chaucer kuhusu ndege wanaokutana siku yake kuchagua wenzi.