Joto la nyumba mpya linashukia paani

Ndugu yangu unayejenga hapa Malindi ukidhani ukuta mnene ndio dawa ya joto, hapana, kupandisha kuta za matumbawe nene peke yake hakutakupunguzia bili ya AC, shida kubwa iko juu kwenye mabati. Malindi tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linakaa karibu utosini mwaka mzima kwa hiyo paa ndilo linalolipokea kuliko ukuta wowote. Mimi ni fundi, juzi nilipanda ngazi saa nane mchana kwenye nyumba mpya, nikagusa silingi bodi ya dari kwa chini ilikuwa moto kama sahani iliyotoka jikoni, na mwenye nyumba analalamika tokeni za umeme zinaisha kabla ya wiki, masikini AC yake inapigana na dari.

Paka mabati rangi nyeupe au nunua yaliyopakwa kabisa, acha matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa pande zote mbili joto lipate pa kutokea (weka wavu popo wasiingie), halafu baraza au paa lichomoze vizuri upande wa magharibi, jua la alasiri ni baya sana. Madirisha yapokee pepo za kusi na kaskazi.

Ila ile rangi nyeupe ioshwe, vumbi na kuvu wa pwani vikiichafua haizuii joto kama mwanzo. Na makuti yanashinda yote kwa ubaridi, lakini moto ukishika hayana huruma, kwa nyumba zilizobanana sikushauri.