Bundi wa Darini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu sita tumejitolea kuwafundisha watoto wa mtaa wetu hapa Kayole kuhusu ndege na miti. Sasa bundi mwenye uso mweupe amezalia kwenye dari la ploti yetu, na usiku makinda wanafoka kama nyoka. Mwezi uliopita jirani yetu mmoja alifiwa, watu wakasema bundi ndiye aliyeleta msiba. Wengine wanataka kumpiga mawe, na keateka, yaani mtunza ploti, anasema atatia sumu. Tuwaambie nini watu wazima wanaotuona sisi watoto?
*Kijana wa Kayole*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza, kama hamjaenda kumpa pole mfiwa, nendeni. Hofu ya bundi wazee wenu walirithi kwa wazazi wao, msiicheke.

Kisha tafuteni chini ya lile tundu analoingilia bundi darini. Mtaona madonge meusi makavu, makubwa kama kidole gumba. Si mavi. Bundi humeza panya mzima, halafu manyoya na mifupa huyatapika. Vaeni glavu, loweka donge moja kwenye maji ya vuguvugu, ulifumue polepole kwa kijiti juu ya gazeti. Mwaka jana nilifumua moja mbele ya akina mama wa mtaa mwingine. Tulitoa mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele ya manjano yangalimo. Muuza viazi mmoja, ambaye panya walikuwa wakimtobolea magunia kila usiku, alilishika fuvu moja muda mrefu, kisha akauliza huyo bundi analala wapi. Maneno yangu ya nusu saa hayakufanya kazi ile.

Sumu ndiyo inayoniumiza roho. Zipo sumu zisizomuua panya papo hapo. Anazunguka siku kadhaa akiwa amelegea, naye ndiye rahisi kukamatwa. Bundi akimla au akiwapelekea makinda, sumu inawafikia wote. Msihi keateka afunike mapipa ya taka na atege mitego.

Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kumuua bundi bila kibali ni kosa. Mjue hivyo, lakini msianze nayo. Jirani ukimtisha kwa polisi, atamuua bundi usiku.

Makinda huchukua kama miezi miwili kabla ya kuruka. Mwombeni landlodi awape muda huo, kisha mhakikishe darini hakuna aliyebaki ndipo mzibe tundu kwa wavu. Kinda akianguka na kuumia, wapigieni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, msimlishe ugali. Na Jumatano moja asubuhi njooni Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, tunapoanzia matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira.

Yule anayelalamikia mfoko wa usiku mwambieni ni makinda wanaomba chakula. Mpandisheni ngazi na tochi jioni, mara moja tu, ajionee nyuso zao.