Usijikaze, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako na za mkwe wangu zimefika. Sisi huku Kigamboni hatujambo, na mguu wa baba yako umepungua uvimbe.

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa sebuleni na baba yako, nikaizima haraka. Mara mbili zilizofuata nilitoka nayo uani, nikakaa kwenye kigoda gizani, simu sikioni. Unasema daktari amekuandikia kipimo cha mirija ya uzazi, cha kuona kama imeziba, hicho wanachokiita HSG, na umeshakiahirisha mara mbili. Dada mmoja kazini kwako amekusimulia kuwa alipiga ukelele hadi watu wa kwenye benchi nje wakasikia. Nesi aliyekupa tarehe naye amekuambia ni maumivu kidogo tu, na hujui umwamini nani. Halafu ukauliza: "Mama, nitajikazaje pale kitandani nisijiaibishe?"

Ningeweza kukupigia. Nimeona niandike, kwa sababu kwa simu ningekujibu upesi, na jibu langu la upesi nalijua. Ndilo nililowapa wanawake kwa miaka 31 ya ukunga wangu. Jikaze, mama.

Nimelisema neno hilo leba usiku na mchana, kwa upole na kwa ukali, zaidi nikiwa nimechoka. Yupo binti mmoja simsahau, labda alikuwa na miaka 19, mimba ya kwanza. Alinishika gauni akasema, "Nesi, nakufa." Nikamwambia, mbona wenzio wamenyamaza? Nikapita kwenda kitanda kingine. Mimi nililipata kwa bibi yako, naye alilipata kwa kungwi wake: mwali halii, anayelia anautia ukoo aibu. Sikuwahi kulisikiliza neno lenyewe mpaka nilipolala mimi. Jikaze. Ndani yake mna kukaza. Kaza meno, kaza ngumi, kaza mapaja. Na kipimo hiki kinapita mahali ambapo ukikaza ndipo panauma zaidi.

Jambo hili sijawahi kukusimulia. Mwaka 1997 ulikuwa na miaka 5. Nilikuacha kwa bibi yako Mbagala, nikamwambia nakwenda semina. Tulikuwa tumetafuta mtoto wa pili mwaka wa tatu sasa, na mawifi walikuwa wameanza kunihesabia miezi. Hospitali niliyokwenda sitaitaja. Nusu ya watu wa pale nilijuana nao, na hilo ndilo lililoniponza. Nilipanda kitandani nimeapa kwamba hakuna atakayekwenda kusema yule mkunga alilia. Hakuna aliyenieleza kinachofuata, nadhani walidhani najua. Nilijua kuzalisha. Kulala chali, miguu wazi, watu wakiongea juu yangu habari za mshahara, hilo sikulijua. Nilishika chuma cha kitanda mpaka vidole vikafa ganzi. Nakumbuka feni ya darini, bawa moja lina uzi wa utando wa buibui, unazunguka nalo. Ile dawa ya rangi, wanayoisukuma ndani ili mirija ionekane kwenye picha, ilipoingia, maumivu yalipanda toka chini ya kitovu hadi kiunoni, nikabana pumzi. Daktari akasema, "Haipiti. Imeziba yote miwili." Nikashuka, nikavaa, nikaanguka kwenye korido.

Baada ya miezi 8 nilikwenda kwa daktari mwingine, mtu mzima, mtaratibu. Kabla hajagusa chochote alivuta kiti, akakaa usawa wa macho yangu, akasema: "Mkono wako wa kulia ukiinuka, mimi nasimama." Nikamjaribu. Chuma cha kupimia kilipoingia tu, nikauinua, nione kama ni kweli. Akasimama. Mikono yake miwili yenye glovu ikatulia hewani, hakuguna, hakutazama saa, akasubiri mpaka nikaushusha mwenyewe. Mwanangu, maumivu hayakuondoka, lakini mabega yangu yalishuka yakagusa kitanda, na mpaka wakati ule sikuwa nimejua kama yamepanda. Siku ile niliinua mkono mara moja tu zaidi.

Alisukuma dawa kidogo kidogo, kisha akanigeuzia kioo cha mashine ya picha. Nikaona pembetatu ndogo nyeupe, kizazi changu, na kwenye pembe ya kushoto ukatoka uzi mwembamba kama wa cherehani, ukajipinda, mwisho wake ukatawanyika kama moshi. Mrija wa kushoto ulikuwa unapita. Akanieleza kwamba pale mrija unapoanzia kwenye kizazi pana misuli, na misuli ile inaweza kubana katikati ya kipimo, picha ikasema pameziba na kumbe hapajaziba. Inabana yenyewe, haingoji amri yako, kwa hiyo usije ukajilaumu. Lakini dawa ikisukumwa kwa pupa, inabana zaidi. Mdogo wako alizaliwa mwaka 1999.

Kwa hiyo hicho ambacho mimi sikuelezwa, wewe nakueleza.

Kazi yote ni kati ya dakika 10 na 30, na maumivu yenyewe, yakija, ni ya dakika chache katikati yake. Utalala kwenye meza ya eksirei, magoti juu. Kwanza kinakuja kile chuma kinachofanana na mdomo wa bata. Kwa wengi hakiumi, kina baridi na kinasukuma, ila kikiingizwa haraka mwili unaruka. Omba wakipashe kwa maji ya vuguvugu. Hilo si deko, ni jambo la kawaida na halimpotezei mtu muda. Kinapoingia, toa pumzi, ndefu, kama unayepuliza chai kwenye kisosi. Usivute kwanza, toa. Makalio yaache yawe mazito mezani. Na legeza taya. Leba nimeliona hili nisiweze kuhesabu: mama ameuma meno, na huku chini amebana vilevile, akifungua mdomo akatoa sauti nzito ya tumboni, mwili unaachia. Kwa hiyo toa sauti, mwanangu. Waliokaa kwenye benchi nje nao wana miili.

Watasafisha mlango wa kizazi, na huenda wakaushika kwa koleo dogo ili usichezecheze. Hapo ni kama kufinywa. Mwombe akuambie "sasa nashika", nawe kohoa kwa nguvu wakati huohuo, utaona kikohozi kinavyokipunguza kile kifinyo.

Kisha mpira mwembamba, kisha dawa ya rangi. Hapa ndipo lile "kidogo tu" la nesi linapoharibu mambo. Wako wanaoshuka wakasema sikuhisi kitu, wako wanaolia kama huyo mwenzio wa kazini, na wote wanasema kweli. Wengi wako katikati: ni kama tumbo la siku ya kwanza ya hedhi mbaya, linapanda, linakaa, linashuka dawa ikisimamishwa. Kama mrija umeziba linauma zaidi, dawa inakosa pa kwenda. Wakati huo kichwa kipe kazi. Taja vituo vya mabasi ya mwendokasi toka kwenu Kimara: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, na kila kituo pumzi moja ndefu ya kutoa. Nadhani kabla hujafika Jangwani dawa itakuwa imesimama.

Kuna jambo ulilisema mwishoni, harakaharaka, kama vile ulitaka lipite nisilisikie. Kwamba ulipopimwa ukiwa chuo ulisema "inauma" na anayekupima akaendelea kama hujasema. Nimelisikia. Ndilo lililonifanya nikae uani mpaka mbu wakanimaliza. Wewe si mwoga. Mwili wako ulisema ukapuuzwa, na sasa haumwamini mtu, una haki. Basi mwambie daktari kabla hujavua nguo, ukiwa bado umekaa kwenye kiti: "Niliwahi kuumizwa kwenye kipimo kama hiki. Nikiinua mkono naomba usimame. Naomba uniambie kila hatua kabla hujaigusa." Yaandike kwenye simu, uyasome kama ulimi utagoma. Daktari anayeijua kazi yake atashukuru kuambiwa. Akikunja uso, shuka, vaa, tutaondoka. Kipimo cha mirija si cha dharura, kinasubiri mwezi mwingine na mtu mwingine. Na kama baada ya yote hayo unaona huwezi kukifanya ukiwa macho, uliza habari ya kuiangalia mirija kwa kamera ya tumboni ukiwa umelazwa usingizi. Ni operesheni, ina gharama zake, lakini ipo, na kuiulizia si kushindwa.

Dawa ya maumivu: wengine hunywa ibuprofeni saa moja kabla. Wewe una vidonda vya tumbo, usiinywe kwa kusikia, muulize daktari. Huenda akakupa paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500. Haitamaliza yote. Kula kitu, usiende na njaa. Kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha au kukuwasha mwili, itaje. Kama siku hizo una uchafu usio wa kawaida au tumbo la chini linauma, sema pia, maana kipimo hiki hakifanywi penye maambukizi. Siku unaijua: damu ikishakata, kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10 ukihesabu toka ilipoanza, na toka hedhi hiyo mpaka kipimo kiishe msikutane, ili kusiwe na mimba changa isiyojulikana.

Ukimaliza usiinuke kwa kuruka. Mimi nilianguka kwa sababu hiyo. Kizazi kikiguswa, presha huweza kushuka ghafla, jasho la baridi likakutoka, macho yakaona giza. Lala dakika chache, kaa, ndipo usimame. Siku moja au mbili utaona matone ya damu na ile dawa ikitoka, inanatanata. Vaa pedi ya kawaida. Lakini ukipata homa, au tumbo likazidi badala ya kupungua, au damu nyingi, au harufu mbaya, siku hiyohiyo rudi hospitali, usingoje kesho.

Na mkwe wangu, yeye amepima? Hukulitaja. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume nao una sehemu yake, na kipimo chake ni kikombe kidogo tu cha kutolea mbegu, hakuna chuma. Nampenda kijana yule, ni mpole na anakutunza. Mwambie mama mkwe wake ameuliza. Hao mawifi zako waachie mimi, najua namna ya kuwajibu.

Usiku ule baada ya kukusikiliza nilimfikiria tena yule binti wa leba. Mtoto wake alizaliwa salama, wa kiume, na yeye aliondoka asubuhi bila kuniaga. Alichotaka kwangu ulikuwa mkono wa kushika, dakika mbili. Niliuondoa.

Wangu utakuwepo. Siku zako zikianza nitumie ujumbe, hata iwe usiku wa manane, nitajua tarehe. Asubuhi hiyo nitavuka na pantoni ya kwanza, wewe panda mwendokasi mpaka Kivukoni, nitakuwa nimesimama nje ya kituo upande wa Feri. Nitaomba kuingia nawe. Wakikataa nitakaa kwenye benchi lililo karibu na mlango kuliko yote. Nimekutolea kanga ile ya kisutu niliyombebea mdogo wako, imefuliwa mara nyingi imekuwa laini. Hiyo utaishika badala ya chuma cha kitanda.

Mama yako