Nyuki mmoja tu kaniuma, mbona mwili mzima?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mrina asali huku Manyoni, nyuki wameniuma toka utoto, navimba kidogo yanaisha. Juzi kaniuma mmoja tu mkononi, muda si muda vipele mwili mzima, midomo imevimba, kifua kinabana. Wenzangu wanasema sumu imejaa mwilini. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, pole sana ndugu yangu. Sumu ya nyuki haijai mwilini, ile ya mwaka jana ilishaisha kitambo. Shida iko kwenye kinga yako yenyewe. Kuna siku huko nyuma iliona protini za ile sumu ikazihesabu adui, ikatengeneza antibodi (askari wa kinga) inaitwa IgE, na hizo IgE zikaenda kung'ang'ania juu ya seli za masti ambazo zipo kwenye ngozi, mapafu na utumbo na ndani zimejaa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe. Hapo ni mtego umeshategwa na wewe husikii chochote, unaweza kukaa hivyo hata miaka. Nyuki akija kuuma tena, protini ile ile inazishika IgE mbili kwa mpigo, basi seli inamwaga histamini nje ndani ya dakika chache, mishipa ya damu inatanuka na kuvujisha maji (ndo midomo kuvimba), njia za hewa zinabana, na ikizidi presha inashuka mtu anaanguka.

Hali hii ya mwili kushtuka vibaya ukikutana na sumu mara nyingine iligundulika 1902, Charles Richet na Paul Portier wa Ufaransa waliwapa mbwa sumu ya kiumbe wa baharini, waliopona wakaja kupewa tena kidogo tu baada ya wiki kadhaa, wakafa. Richet alipata Nobel 1913.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Vidonge vya aleji vinatuliza muwasho ila havifungui kifua wala kupandisha presha, kinachookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Ikitokea tena toa mwiba haraka kwa kucha, lala, wakukimbize kituo cha afya na ukifika usikae foleni, sema nyuki kaniuma na kifua kinabana. Hata ukipata nafuu kaa waendelee kukuangalia masaa kadhaa, maana inaweza kurudi. Na mizinga waachie wenzako kwanza mpaka daktari akupime, tena nakuomba sana usiingie porini peke yako.