Barua kwa mwanangu: sataranji ni ya nani?

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, baba yako kifua kimepoa, na vuli mwaka huu imeanza vizuri.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umesema mjukuu wangu ameingia kwenye kikundi cha sataranji (chess) shuleni kwao hapo Magdeburg, na sasa kila akirudi nyumbani anauliza ubao uko wapi. Ukaniuliza: "Mama, huu si mchezo wa Wazungu? Si bora nimfundishe bao letu? Tena kuna mzee msikitini ameniambia ni haramu." Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nina maneno nalo mengi, na yanataka kusomwa taratibu.

Mwache acheze. Hilo nimelitanguliza ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi.

Sasa tuje kwenye hili la Wazungu. Miaka yote niliyofundisha historia nimeona vitu vingi vikiandikwa jina la mtu wa mwisho kuvishika, na sataranji ni mojawapo. Mchezo huu ulizaliwa Bara Hindi, kwenye karne ya 6 au karibu na hapo. Ulikuwa sura ya jeshi la Kihindi na vikosi vyake vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea. Waislamu walipoiteka Uajemi karne ya 7 wakaukuta huko, nao wakaupenda kupita kiasi. Katika Baghdad ya makhalifa wa Bani Abbas walikuwapo mabingwa ambao majina yao tunayo hadi leo. Al-Adli aliandika kitabu kizima juu ya sataranji karne ya 9, na baada yake akaja Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda bingwa wa barazani mbele ya macho ya Khalifa al-Muktafi.

Ulaya iliupata mchezo kupitia Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, na Sisilia, kwa mikono ya Waarabu. Mfalme Alfonso wa 10 wa Castilla, huko Hispania, aliandikiwa kitabu cha michezo kilichokamilika mwaka 1283, na ndani yake mna picha za rangi za watu wa kila namna wakicheza. Kuna Mwislamu na Mkristo wamekaa hemani, ubao katikati yao. Kuna Wayahudi, kuna wanawake. Kwa hiyo mwanao anafundishwa na Wajerumani kitu ambacho Wajerumani nao walifundishwa, na ukifuata mnyororo huo nyuma unawafikia majirani zetu wa bahari hii hii ya Hindi, watu wa majahazi na pepo za kaskazi.

Wala usidhani Afrika ilikaa pembeni ikitazama. Wahabeshi walikuwa na sataranji yao, wakiiita senterej, yenye kanuni ambayo sijaiona kwingine. Mwanzoni hakuna zamu. Wachezaji wote wawili wanasogeza kete kwa wakati mmoja, kila mtu kwa kasi yake, huku wakitazamana, mpaka kete ya kwanza iliwe. Hapo ndipo zamu zinaanza. Nikiwaza mikono miwili ikipishana juu ya ubao namna ile, naona watu waliopokea mchezo wa wageni wakaucheza kwa tabia yao. Karne ya 20 senterej ilififia mbele ya kanuni za Ulaya, na mimi nahesabu hiyo kuwa hasara.

Lakini jambo ninalotaka hasa umsimulie binti yako ni la malkia.

Kwa Waajemi na Waarabu hakukuwa na malkia ubaoni. Aliyekaa ubavuni mwa mfalme alikuwa waziri, tena waziri dhaifu: alisogea mraba mmoja tu kwa mshazari, basi. Ulaya walimgeuza waziri akawa malkia, lakini kwa karne nyingi wakamwacha na udhaifu ule ule. Kisha, mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, mambo yakageuka. Shairi moja lililotungwa Valencia karibu mwaka 1475 tayari linamwonyesha malkia mpya, anayekwenda pande zote, mbali kadiri njia ilivyo wazi. Mwaka 1497 kikachapishwa Salamanca kitabu cha Lucena kinachofundisha mchezo wa zamani na huu mpya pamoja, kwa kuwa watu walikuwa bado wanacheza yote miwili. Wakati huo Castilla ilikuwa chini ya mwanamke, Isabel, aliyeshika ufalme mwaka 1474. Wako wanahistoria wanaosema nguvu za kete ile zilifuata nguvu za yule mama, wengine wanapinga. Mimi nadhani watu walikuwa pia wamechoka na mchezo wa kale uliojikokota, wakataka kasi. Wafaransa waliuita mchezo mpya sataranji ya malkia aliyepandwa na hasira. Utasikia katika jina hilo kwamba wapo waliochukizwa. Hata hivyo ndani ya miongo michache mchezo wa zamani ukaachwa karibu kote Ulaya.

Nimelikazania hili kwa sababu ya sisi wanawake. Nilipokuwa msichana, baraza za bao mtaani kwetu zilikuwa za wanaume. Tulipita na ndoo za maji, tukasikia kelele za "amefunga nyumba!" na "mtaji huo!", na hakuna aliyetukaribisha kuketi. Mimi sataranji niliijulia chuo cha ualimu, na nilipokaa mbele ya ubao ule nilifurahi kuona kwamba kete yenye nguvu kuliko zote ni ya kike. Mjukuu wangu anajifunza hilo akiwa mdogo, na hakuna anayemwambia apite. Usiwe wewe wa kwanza.

Kuhusu yule mzee wa msikitini, mheshimu, wala usibishane naye mbele za watu. Hajazua jambo, kwani wanazuoni wengi wa madhehebu mengine waliikataza sataranji. Ila sisi watu wa pwani tulio wengi tunafuata Imam Shafi'i, na katika madhehebu yetu sataranji isiyo na kamari, isiyokupotezea sala na isiyoleta matusi imehesabiwa makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, haikufikishwa kwenye haramu. Said bin Jubair, mmoja wa tabiina, wale waliowafuata masahaba wa Mtume, imesimuliwa kwamba aliicheza akiwa ameupa ubao mgongo, akitaja tu hatua zake. Iran waliipiga marufuku baada ya mapinduzi ya 1979, kisha mwaka 1988 Ayatollah Khomeini akairuhusu mradi isichezewe kamari. Unaona kwamba neno hili limezungumzwa na wakubwa kwa muda mrefu. Ninalokutaka wewe ni hili: wakati wa sala ubao ufunikwe, na pesa isiwekwe juu ya mchezo hata kwa mzaha.

Na sasa nikuambie kitu kilicho karibu na mlango wako ambacho huenda hukijui. Nimetazama ramani: hapo Magdeburg hamko mbali na mji wa Halberstadt, na jirani na Halberstadt kuna kijiji kiitwacho Ströbeck. Ni kijiji cha wakulima. Hekaya yao inasema mwaka 1011 mtu mmoja mkubwa alifungwa mnarani hapo, wanakijiji wakawa wanapokezana zamu za kumlinda, naye kwa upweke akawafundisha walinzi wake sataranji. Iwe kweli au la, mnara upo, na mchezo upo. Mwaka 1651 Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, aliwazawadia ubao. Mwaka 1823 sataranji ikaingizwa kwenye shule ya kijiji kama somo, sawa na kusoma na kuhesabu. Na walikuwa na desturi ya posa: kijana anayetaka kuoa msichana wa Ströbeck alikaa kwanza kwenye ubao na mkuu wa kijiji, na akishindwa alitoa faini. Uwanja wao umesakafiwa kwa miraba ya giza na mwanga, na siku za sherehe wanakijiji wanavaa mavazi ya kete na kucheza mchezo mzima wakiwa wao wenyewe ndio kete. Mwaka 1991 kijiji kilipewa rasmi jina la Kijiji cha Sataranji Ströbeck.

Nakipenda kijiji hiki kuliko hadithi zote za mabingwa. Hadithi za mabingwa ni nzuri, nami niliwahi kusoma kwa hamu juu ya Reykjavik mwaka 1972, Mmarekani Fischer na Mrusi Spassky, dunia nzima ikifuatilia mbao kana kwamba ni vita. Lakini mchezo hauishi kwa mabingwa. Unaishi kwa mkulima aliyetoka kukamua ng'ombe, anakaa na mtoto wake kabla ya chakula cha jioni. Huku kwetu drafti imeishi hivyo hivyo: kipande cha mbao kilichochorwa kwa kalamu, vizibo vya soda, vingine chali vingine kifudifudi, na wazee kwa vijana wamejaa kivulini. Hakuna aliyetoa fedha wala aliyeomba kibali. Mpeleke binti yako Ströbeck siku ya mapumziko. Aone kwamba anachofanya shuleni, wengine wamekifanya nyumbani kizazi baada ya kizazi.

Bao nalo mfundishe. Sioni kwa nini umchagulie kimoja. Mwonyeshe jambo moja litakalomfurahisha: sataranji ina kete 32 na miraba 64, bao lina mashimo 32 na kete 64. Kisha mwonyeshe zilipoachana. Kwenye sataranji kete ikiliwa imekwenda, inawekwa pembeni, na ubao unazidi kuwa mtupu. Kwenye bao kete unazokula unazipanda upya upande wako, hakuna kinachotoka. Aliyekuwa askari wa mwenzako sasa anakutumikia wewe, na kesho anaweza kurudi kwake. Mwanzo wake ni wa kunamua, kila mmoja ana kete 22 za kuingiza moja moja, na hesabu ya kichwani inakuwa nzito kuliko mtu wa nje anavyodhani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao mashairi. Mzee Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa kwenye bao na wenzake, pale makao makuu ya chama chake cha ASP, Kisiwandui. Rais wa Zanzibar alikuwa na saa yake ya bao jioni kama mzee yeyote wa mtaani. Haya ni ya mjukuu wangu pia, na usipomfundisha wewe huko Ujerumani hakuna shule itakayomfundisha.

Nakuomba jambo moja, usimwambie acheze ili apate akili ya hesabu. Uingereza walifanya jaribio kubwa mashuleni, matokeo yakatolewa mwaka 2016, na mwaka mmoja baada ya masomo ya sataranji watoto wale hawakuwa wamewazidi wenzao kwenye hesabu. Mtoto akiambiwa anacheza kwa ajili ya alama, siku alama zisipopanda atautupa ubao. Acheze kwa sababu anapenda.

Wala usihofu kwamba ni mchezo wa wenye nacho. Kampala, kwenye mitaa ya Katwe, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji mwaka 2004, na watoto walivutwa pia na bakuli la uji walilopewa. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliuza mahindi mtaani. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji. Nasikitika kwamba habari yake inasimuliwa siku hizi kama muujiza. Alikuwa na mwalimu wa kumfundisha, na kikundi cha watoto wa kucheza nao. Hivyo ndivyo vilivyomlea, na vyote viwili vinawezekana popote.

Hapo ndipo nina neno na wewe, mwanangu. Umeniuliza mchezo ni wa nani, hukunieleza kama unacheza naye. Najua zamu zako za hospitali zinakuchosha. Lakini akitafuta ubao jioni, anatafuta na mtu wa kukaa upande wa pili. Jifunze kete zinavyokwenda. Yeye mwenyewe atakufundisha, na atafurahi kuwa mwalimu wa baba yake. Atakushinda, nawe usijifanye umeshindwa kwa kumhurumia, maana watoto hulijua hilo mara moja.

Kwa upande wangu nimeutoa kabatini ubao wangu wa chuo, farasi mmoja amevunjika sikio lakini kete zote zipo. Nitauweka juu ya meza ya sebuleni na baba yako ameshaambiwa asiuguse. Mwambie mjukuu wangu achukue nyeupe, ndiyo inayoanza, anitumie hatua yake ya kwanza kwa simu yako, nami nitamjibu kesho yake baada ya alfajiri. Asiharakishe. Nasi huku tuna muda.

Msalimie mkeo.

Ni mimi mama yako